Titani, Chuma na Hewa ya Chumvi ya Forodhani

Katika bustani ya Forodhani, mjini Unguja, baiskeli huegemezwa ukutani hatua chache tu kutoka baharini. Nyingi ni za chuma cha pua, zikiwamo za Phoenix zitokazo China, ambazo zimewahudumia wachuuzi wa samaki, mafundi na wanafunzi kwa miaka mingi. Mara mojamoja hupita mgeni akiendesha baiskeli ya rangi ya kijivu, ambayo fremu yake haikupakwa rangi yoyote wala haina doa la kutu. Hiyo ni fremu ya titani. Mwanafunzi aionaye huuliza maswali mawili ya haki: kwa nini metali hii haishiki kutu, na kama haishiki, kwa nini mwenyewe ajisumbue kuiosha?

Jawabu la haraka kwa swali la kwanza ni kwamba titani haipatani na oksijeni. Jawabu hilo ni kosa. Titani huitamani oksijeni kuliko hata chuma. Mara tu uso wake unapokutana na hewa, huungana na oksijeni na kufanya utando wa oksidi wenye unene wa sehemu chache tu za milioni ya milimita. Utando huo umeshikamana barabara na metali iliyo chini yake, hauna matundu, na ukikwaruzwa hujiziba wenyewe papo hapo. Basi titani hulindwa na ule ule mwungano ambao kwa chuma ni maangamizi. Kutu ya chuma nayo ni oksidi, lakini imejaa vinyweleo, nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo huvimba, hubanduka, na kuacha uso mpya wazi kwa maji na hewa. Tofauti imo katika ngozi ambayo kila metali hujifanyia.

Sasa tuitie chumvi katika hesabu. Chuma hakiliwi na chumvi kama sukari iliwavyo na chungu. Kinachotokea ni kwamba mahali pamoja juu ya uso wake atomu za chuma hupoteza elektroni na kuyeyuka majini, na mahali pengine oksijeni huzipokea elektroni hizo. Ili kazi hii iendelee, pawe na maji yapitishayo umeme, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua. Tena chumvi ya kawaida huvuta unyevu kutoka hewani na kuyeyuka pindi unyevu wa hewa uzidipo kiasi cha asilimia 75, na chumvi za magnesi zilizomo katika maji ya bahari huanza mapema zaidi. Katika pwani yetu kiwango hicho hupitwa usiku baada ya usiku. Baiskeli iliyolazwa ukumbini, ambayo mwenyewe huiona kavu, kwa kweli yaweza kuwa imevaa nguo ya maji ya chumvi isiyoonekana kwa macho. Katika nchi za baridi nilikosomea, chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, nazo baiskeli za huko hupata maradhi yale yale katika majira ya baridi. Sisi hatungojei majira: kaskazi huileta, na kusi huileta.

Hapa ndipo swali la pili linapopata jawabu. Fremu ya titani haisafiri peke yake. Imefungwa bolti za chuma, mnyororo wa chuma, na mara nyingi bomba la kiti la alumini. Metali mbili zikigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya betri, na katika betri hiyo iliyo dhaifu ndiyo iliwayo. Titani, ikiwa imevaa utando wake, ni yenye nguvu; jirani zake ndio walipao gharama. Bomba la alumini lililoachwa mwaka mzima ndani ya fremu ya titani bila grisi huota unga mweupe wa oksidi, unga huo huvimba, na bomba hukwama kabisa hata nyundo isilitoe. Kwa hiyo titani huoshwa kwa ajili ya majirani kuliko kwa ajili yake yenyewe.

Kuiosha si kazi ngumu. Maji baridi yasiyo na chumvi, sabuni ya kawaida na kitambaa laini vyatosha. Alama za vidole vya mafuta huondolewa kwa spiriti. Asitumie mtu pamba ya chuma, maana vipande vidogo vya chuma hubaki juu ya titani, navyo vikishika kutu fremu huonekana kana kwamba yenyewe ndiyo iliyoharibika. Ajihadhari pia na dawa za kuondolea kutu zenye asidi ya haidrofloriki: ni miongoni mwa vitu vichache vinavyoutoboa ule utando, na kwa mkono wa binadamu ni hatari kubwa zaidi kuliko kwa fremu. Baada ya hapo atoe bomba la kiti, alifute, alipake grisi na kulirudisha. Afanye hivyo kila baada ya miezi michache. Na wakati anafuta, atazame viungo vilivyochomelewa. Titani haishiki kutu, lakini huweza kuchoka na kupasuka kwa mitetemo kama metali nyingine.

Ufa ukionekana, tatizo ni kubwa. Titani ikiwa moto sana hufyonza oksijeni na naitrojeni, na hapo huwa ngumu na yenye kuvunjika kama kigae. Ni lazima ichomelewe ndani ya gesi ya agoni, nje na ndani ya bomba. Fremu ya chuma, kwa upande mwingine, hutengenezwa na fundi yeyote hodari wa kuchomelea mitaani. Ndiyo sababu mimi siioni baiskeli ya chuma kuwa duni kwa Unguja. Kwa mtu ambaye baiskeli ndiyo inayomlisha, chombo kinachotengenezeka Darajani kina thamani kuliko kisichotengenezeka. Tena titani si adimu ardhini. Ni elementi ya tisa kwa wingi katika ganda la dunia, na jirani zetu wa Kwale, Kenya, waliichimba mchangani katika madini ya ilmenaiti na rutili kuanzia mwaka 2013 hadi mwisho wa mwaka 2024. Ghali ni kuitenganisha na oksijeni ile inayoipenda mno. Sehemu kubwa ya madini hayo duniani haifiki kuwa metali kamwe, bali hufanywa rangi nyeupe ya kuta.

Mwenye baiskeli ya chuma, hasa abebaye tenga la samaki linalotiririsha maji ya chumvi juu ya rimu ya nyuma, aimwagie maji ya bomba au ya kisima kisicho na chumvi kila arudipo, kisha aikaushe. Asiioshe kwa maji ya bahari hata kama bahari iko karibu. Rangi ikichubuka, asugue kwa msasa na kupaka upya kabla kutu haijatambaa chini yake. Adui mbaya zaidi yumo ndani ya mabomba, asikoonekana: maji huingia kwa tundu la kiti na kutuama penye ekseli ya pedali. Atoe kiti, apindue baiskeli ili maji yatoke, aiache ikauke, kisha amimine oili kidogo na kuigeuzageuza fremu mpaka oili ienee. Mnyororo usafishwe kwa mafuta ya taa, ukaushwe, ndipo utiwe oili safi. Mafuta ya nazi hayafai, maana huchacha na kuganda kama gundi.

Darasani mwalimu aweza kuonyesha habari ya majirani kwa misumari mitatu iliyosuguliwa kwa msasa. Mmoja uzungushiwe waya wa shaba ulio mtupu, wa pili ukanda wa zinki, na wa tatu uachwe peke yake. Kila mmoja utiwe katika glasi yake yenye maji ya bahari, kwa kina kilekile, na wanafunzi waandike waonayo kila asubuhi kwa siku nne. Shaba hapa imechukua nafasi ya titani, na msumari ule nafasi ya bolti. Kabla ya glasi kutazamwa siku ya kwanza, kila mwanafunzi aandike katika daftari ni msumari upi utakaoshika kutu zaidi, ni upi utakaobaki safi, na ni metali ipi itakayoliwa badala yake.