Umeme wa gesi bila moto

Swali: Sisi wa Mpanda tumelelewa na mngurumo wa jenereta za dizeli. Je, seli za fueli zingetupa umeme safi wa gesi asilia? Msomaji, Kawajense.

Jibu: Mtambo unaweza, ndugu yangu, tatizo ni gesi kufika huko. Ndani ya seli gesi haiwaki. Mvuke wa moto huichambua ikatoa haidrojeni, nayo ikikutana na oksijeni ya hewani hutoka umeme, joto na maji. Hakuna masizi, wala mngurumo. Lakini gesi ina kaboni, kwa hiyo hewa ukaa bado hutoka, ingawa ni kidogo kuliko ya dizeli. Ama kuhusu gesi kufika huko, ile ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Bomba la Mtwara likafuata 2015, nalo likaishia pwani. Kwa hiyo, kwa Kawajense ningeanza na umeme wa jua.