Somo: Shamba la Babu na Katiba ya Nchi

Ndugu wasomaji, tuanze na swali. Mtu analima shamba aliloachiwa na babu yake. Minazi ipo, makaburi ya wazee yapo, karatasi hana. Je, shamba hilo ni mali yake mbele ya sheria?

Hapa kwetu Saadani swali hili si la mchezo. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 2005, na maneno ya mpaka kati yake na wakazi wa kitongoji cha Uvinje yamesemwa kwa miaka mingi. Leo hatuamui mpaka. Kazi hiyo ina wenyewe. Tunajifunza haki yetu imeandikwa wapi na hudaiwa vipi.

Katiba inasemaje?

Katiba ni sheria mama. Sheria nyingine ikigongana nayo, hiyo nyingine ndiyo huanguka. Katiba yetu ni ya mwaka 1977, lakini haki za raia ziliingizwa ndani yake mwaka 1984, na wananchi wakaanza kuzidai mahakamani mwaka 1988. Ibara ya 24 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali. Ibara ya 13 inampa haki ya kusikilizwa. Ibara ya 30 inampa njia ya kwenda Mahakama Kuu haki yake ikivunjwa.

Tusidanganyane: Serikali inaweza kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma. Lakini iwe kwa sheria, na kwa fidia inayostahili.

Kisa cha Kambi ya Simba

Katika kijiji cha Kambi ya Simba, upande wa Karatu, baba mmoja na mwanawe walipoteza ardhi yao ya kimila wakati wa Operesheni Vijiji. Mwaka 1987 walifungua kesi. Wakashinda, wakairudia ardhi yao. Kumbe mambo bado! Mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kufuta haki za kimila katika vijiji vya namna hiyo, bila fidia, na kuzuia hukumu kama ile yao isitekelezwe.

Je, walishika mapanga? Hata kidogo. Walirudi mahakamani, na safari hii walishika Katiba. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikaamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali, nayo inalindwa na Ibara ya 24. Vifungu vilivyofuta haki hiyo bila fidia, na vilivyowafungia watu mlango wa mahakama, vikabatilishwa.

Basi jibu la swali letu ni hili: ndiyo, ni mali yake.

Na mikataba je?

Katiba ni ahadi ya nyumbani. Mkataba ni ahadi mbele ya majirani. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa Nairobi mwaka 1981, na Tanzania iliuridhia mwaka 1984. Nao unalinda mali na haki ya kusikilizwa. Mahakama ya Afrika iko Arusha, lakini Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililoruhusu raia kuishtaki huko moja kwa moja. Tume ya Afrika, iliyoko Banjul nchini Gambia, hupokea malalamiko ya raia, kwa kawaida baada ya njia za nyumbani kumalizika. Kwa hiyo tuanzie nyumbani.

Tufanye nini?

Haki isiyo na ushahidi hupotea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Tuiombe. Tuhudhurie mkutano mkuu wa kijiji, na tuhakikishe yaliyosemwa yameandikwa. Ukiletewa karatasi, isome yote kabla ya kutia sahihi. Hiyo ndiyo faida ya kujua kusoma, ndugu.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini sheria ya mwaka 1992 ilianguka?
2. Serikali ikitaka ardhi kwa manufaa ya umma, ifuate masharti gani?
3. Nani kati yetu anayajua mawe ya mpaka wa shamba lake, na yameandikwa wapi?