Dondoo muhimu: Ramli za mtandaoni

Michezo ya kutabiri nyota au mchumba mara nyingi huchota majibu kwenye orodha iliyoandikwa mapema. Anayechagua ni programu, si nyota. Majibu hugusa kwa sababu yanamfaa karibu kila mtu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake wote maelezo yaleyale ya tabia, nao wakayapa, kwa usahihi wake, wastani wa zaidi ya alama 4 kati ya 5. Kwa kicheko cha jioni, hakuna ubaya. Maswali yanayoulizwa na mchezo ndiyo ya kuangaliwa: shule ya kwanza au jina la mnyama wa utotoni ni maswali ya usalama ya akaunti nyingi. Tarehe ya kuzaliwa inaweza kubuniwa (ramli haitagundua). Mchezo unaodai namba ya siri au malipo ili kufichua jibu ufungwe papo hapo.