Dondoo Muhimu: Kabla Fundi Hajapanda Mwembe Wako
Masika huanza Machi, hivyo kagua miti ya uani Mbezi au Tegeta tangu Januari. Uyoga shinani, ufa kwenye panda au udongo ulioinuka upande mmoja ni hatari. Tawi likigusa nyaya za umeme, fundi asipande kabisa. Wapigie TANESCO kwanza.

Tawi zito hukatwa mara tatu: kwanza kwa chini, mbali kidogo na shina, ili lisichane gome, kisha kwa juu, mbele zaidi, mwisho kibutu kilichobaki, nje ya uvimbe wa maungio. Uvimbe huo usiguswe, ndio unaoziba kidonda. Na usikubali mti ukatwe kichwa chote: machipukizi yake hushika kijuujuu, upepo huyang'oa. Kubalianeni mapema nani atazoa magogo.