Wasifu wa Kazi kwa Aliyevuka Miaka Arobaini

Wapo wakazi wengi wa Sanje ambao maisha yao ya kazi yamekwenda kwa misimu na miradi: miwa na kiwanda cha sukari Kidatu, reli ya TAZARA, Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ujenzi wa barabara ya Kidatu hadi Ifakara. Mtu wa namna hiyo anapotakiwa kuandika wasifu, mara nyingi huanza na shule ya msingi, hutaja cheti alichonacho, kisha humalizia: "Nina uzoefu wa muda mrefu." Miaka ishirini na mitano ya kazi imekwisha katika maneno matano.

Kwa mwombaji mwenye umri mkubwa, mpangilio ugeuzwe. Kazi ya karibuni itangulie, elimu ifuate. Tuchukue mfano wa fundi wa kuchomelea vyuma mwenye miaka 52. Kuandika kwamba ni mchapakazi na mwaminifu hakumwambii mwajiri lolote, kwa kuwa kila mwombaji huandika hivyo. Aandike alichokifanya: "Nilisimamia mafundi wanne katika ukarabati wa mitambo kwa misimu sita." Kazi za zamani sana zitajwe kwa mstari mmoja mmoja, na wasifu wote usizidi kurasa mbili. Miaka ya kulima mpunga katikati ya ajira nayo ni kazi. Itajwe kwa idadi ya ekari na vibarua waliosimamiwa. Aliyekaa nyumbani kuuguza mzazi aseme hivyo bila haya, kwa sababu pengo lisilo na maelezo ndilo humtia mwajiri mashaka.

Ugumu mkubwa zaidi ni ushahidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma, lakini wengi huondoka bila kukidai. Ikiwa mwajiri hayupo tena, taarifa ya michango ya NSSF, mkataba wa zamani au kitambulisho cha kazi vinaweza kusaidia kuonyesha vipindi vya ajira. Majina nayo yalinganishwe mapema: anayeitwa hivi katika cheti cha shule na vile katika kitambulisho cha NIDA hukwama hata kama ujuzi wake hauna shaka.

Aliyejifunza ufundi kwa vitendo bila kupita chuoni asijihesabu kuwa hana sifa. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, ambapo seremala, mwashi au fundi magari hupimwa kwa kazi anayoifanya na, akifaulu, hupewa cheti. Cheti hicho hubadilisha kabisa uzito wa wasifu.

Na umri wenyewe? Sheria hiyo ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya umri, na katazo hilo linagusa pia taratibu za kuajiri. Hata hivyo, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida huweka ukomo wa miaka 45 kwa wasiokuwa tayari watumishi wa Serikali. Kwa hiyo tangazo lisomwe lote kabla ya kulipa nauli ya Ifakara na gharama za steshenari. Kuficha umri hakuna faida: tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Anayedai fedha kwa njia ya simu ili "apitishe jina" asitumiwe hata shilingi.

Mwisho ni wadhamini, ambao aghalabu hutakiwa watatu. Hapa waombaji wenye umri mkubwa hukwama kimyakimya, kwa kuwa msimamizi aliyewafahamu vema amestaafu, amehama au amefariki. Kila mdhamini apigiwe simu kwanza, aombwe ridhaa, akumbushwe kazi waliyofanya pamoja na mwaka wake, na aelezwe ni nafasi gani inayoombwa, ili mwajiri akipiga asikute mtu anayeuliza, "Huyo ni nani?"