KRA Ikikosea Ritani ya Kijana

Kijana wa Kenya huwa na PIN ya Mamlaka ya Mapato (KRA) kabla hajaonja mshahara wa kwanza. Aliitafuta alipokuwa akiomba mkopo wa masomo wa HELB, au alipoambiwa alete cheti cha ushuru ili apewe kazi. Mara nyingi alisajiliwa saiba, akatoa pesa kidogo, akaondoka na karatasi moja mkononi. Miaka miwili baadaye anafungua iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, na kukuta faini ya shilingi 2,000 kwa ritani ambayo ana hakika aliituma kabla ya Juni 30.

Wengi hapo hulipa tu. Nawaelewa, hasa kama mwajiri anasubiri cheti. Lakini faini ukiilipa, rekodi inabaki vilevile: mwaka ule bado utasomeka kwamba hukutuma ritani. Wala usikimbilie kutuma ritani nyingine ya mwaka huohuo, kwa sababu itabeba tarehe ya leo, na tarehe hiyo ndiyo itakayokuhukumu kuwa ulichelewa.

Anza kwa kujua kosa ni la nani. Ulipotuma ritani, iTax ilikupa risiti ya kukiri kupokelewa, yenye nambari na tarehe. Itafute kwenye simu, kwenye barua pepe, au ndani ya akaunti yenyewe ya iTax. Kisha fungua leja yako uone faini ni ya mwaka gani na iliingizwa lini. Risiti ikiwa ya Juni 24 na leja ikidai hukuleta kitu, kosa ni la mfumo, na ushahidi unao.

Kama unadaiwa ushuru wa mshahara uliokwisha kukatwa, mambo ni tofauti. Chukua fomu ya P9 uliyopewa na mwajiri, uisome mwezi kwa mwezi, kisha uilinganishe na kile KRA inachokiona. PIN ya mtu binafsi huanza kwa herufi A, zikafuata tarakimu tisa, halafu herufi nyingine mwishoni. Karani akikosea tarakimu moja anapoandaa orodha ya mishahara ya mwezi, makato yako ya mwezi ule hayaonekani kwako. KRA haitakusaidia sana hapo. Anayepaswa kurekebisha orodha ile ni mwajiri, kwa hivyo mwandikie yeye kwanza, na umwambie mwezi na kiasi.

Jambo jingine ambalo vijana hawalikumbuki ni barua pepe iliyoandikwa siku ya usajili. Mhudumu wa saiba akiwa na haraka huandika yake. Notisi zote za KRA basi zinaenda kwake, na siku zinahesabiwa wewe hujui lolote. Ingia iTax leo uibadilishe, pamoja na nambari ya simu. Hapohapo tazama umesajiliwa wajibu upi wa ushuru. Kuna vijana waliowekewa ushuru wa mauzo ya biashara ilhali hawajawahi kuuza hata sukuma wiki, na faini zikawa zinaongezeka kila mwezi.

Sasa pingamizi. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inakupa siku 30 tangu ulipopewa notisi, na dai la faini ni uamuzi unaoweza kupingwa sawa na makadirio ya ushuru. Pingamizi huwasilishwa kupitia iTax. Lisiwe refu. Litaje unachopinga, sababu, na marekebisho unayotaka, na liambatane na hati zako. Kwa mfano: “Napinga faini ya Sh2,000 ya ritani ya mwaka wa 2024. Ritani ilipokelewa Juni 24, 2025, na risiti nimeiambatisha. Naomba faini iondolewe na leja irekebishwe.” Kama sehemu ya deni ni halali, ilipe au kubaliana na KRA namna ya kuilipa, la sivyo pingamizi halitahesabiwa kuwa kamili. Siku 30 zikiwa zimepita, omba kuongezewa muda na utoe sababu: ugonjwa, kuwa nje ya nchi, au sababu nyingine ya maana.

Kamishna ana siku 60 za kutoa uamuzi tangu apokee pingamizi lililokamilika. Akinyamaza hadi zipite, pingamizi lako linahesabiwa kuwa limekubaliwa. Ndiyo maana tarehe uliyowasilisha ni mali, ipige picha.

Ukishindwa, kuna Mahakama ya Rufaa za Ushuru, ndani ya siku 30 nyingine. Lakini ada yake ni shilingi 20,000 zisizorudishwa, na kwa faini ya 2,000 sioni maana ya kufika huko. Afadhali upeleke malalamishi kwa Ombudsman, ambaye hatozi chochote. Mkumbushe kwamba Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kurekebishiwa habari isiyo ya kweli inayokuathiri. Tena Sheria ya Fedha ya 2025 ilifungua njia ya kufutiwa faini na riba zilizotokana na hitilafu ya mfumo wenyewe, faini iliyorudiwa, au mtu kusajiliwa wajibu usio wake. Kwa wale vijana waliowekewa ushuru wa mauzo, huu ndio mlango.

Mzazi, ukitaka kusaidia, nendeni pamoja Huduma Centre. Mtoto wako akishafika miaka 18, afisa hawezi kukufungulia leja yake, kwa kuwa habari za mlipa ushuru ni siri kisheria. Kaa naye kwenye foleni, mwache azungumze mwenyewe, naye aondoke na nambari ya kumbukumbu ya malalamishi yake.

Nawe kijana, ukiambiwa kosa limeshughulikiwa, subiri siku chache kisha uifungue leja tena. Ikisoma sufuri, pakua nakala yake, ndipo uombe cheti.