Majirani wa Nangwa na Lugha Zao

Wasomaji wetu walio mbali huenda hawajapata kulisikia jina la Nangwa. Ni mahali padogo wilayani Hanang, chini ya mlima ule wenye kimo cha mita zaidi ya 3,400. Twawaalika leo wasimame nasi hapo siku ya mnada, wafumbe macho, wasikilize tu.

Watakisikia Kiiraqw, ambacho ndugu zake ni Kisomali na Kioromo. Watakisikia Kidatoga cha Wabarabaig, kilicho jamaa ya lugha za Wakalenjini wa Kenya. Na Kinyaturu na Kinyiramba, lugha za Kibantu. Nao wakifika hata Yaeda Chini, wilayani Mbulu, watawakuta Wahadza, ambao lugha yao yenye vidoko haijaonekana kuwa na ndugu popote duniani.

Ajabu ni kwamba majina tuwaitayo wenzetu mara nyingi si yao. "Mang'ati" ni neno la Wamasai lenye maana ya adui. Tumeliazima, tukawabandika Wabarabaig, nasi twalitamka hata barazani pasipo haya. Nao waitwao Wambulu, wenyewe hujiita Wairaqw.

Katika dini pia yapo ya kujifunza. Kabla mapadre hawajafika, Wairaqw walimwomba Looaa, na Wabarabaig walimwomba Aseta. Lugha mbili zisizo na udugu, na majina yote mawili yahusiana na jua! Tena Looaa husemwa kama mama. Leo Wakatoliki, Walutheri na Waislamu wanakaa kijiji kimoja na wazee wasioiacha dini ya kale. Na hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa na Walutheri mwaka 1955, hupokea wagonjwa wa makabila hayo yote.

Lakini kutojuana kumeleta hasara. Mzee mheshimiwa wa Kibarabaig afapo hufanyiwa mazishi ya bung'eda, yachukuayo miezi mingi, na juu ya kaburi hujengwa kilima cha udongo ambacho ukoo hukirudia kuomba. Katika miaka ya 1970 yalifunguliwa Hanang mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada, yakafikia kiasi cha ekari 100,000, na matrekta yakapita juu ya baadhi ya makaburi hayo. Huenda dereva alidhani ni kichuguu tu. Je, tumlaumu yeye? Nani alimfundisha? Nasi wenye kalamu tulikuwa wapi?

Hata nyumbani mwetu hatujuani. Wairaqw wana slufay, sala ndefu ya baraka: mzee mmoja hutamka, na wote waliokaa humwitikia. Zipo nyumba za Wakristo ambamo babu huitamka, na wajukuu, waliolelewa kwa Kiswahili peke yake, hawajui waitikie wapi. Kiswahili twakipenda, ndicho tukiandikacho. Bali enyi wazazi, mpeni babu jioni moja katika juma, na mtoto akae karibu naye.